Ukungu kwenye machungwa yaliyochumwa: dondoo la bakteria, bakteria hai, soda au dawa ya kiwandani?

Turubai la lori likifunguliwa sokoni baada ya siku tatu za safari na foleni, kinachotangulia kutoka ni vumbi la kijani. Wachuuzi wanarudi nyuma hatua moja, wanaziba pua, kisha wanaanza kuchambua: mazima huku, yenye doa kule, yaliyogeuka unga kwenye lundo la kutupwa. Mkulima wa Muheza aliyeuza shambani halioni lundo hilo, lakini yeye ndiye anayelilipia, maana mnunuzi alishalipigia hesabu kabla hajataja bei. Ndiyo maana habari hii inanigusa. Chungwa linaloozea njiani lilishatoka jasho la palizi na la kuchuma, na halimrudishii mtu kitu.

Siku hizi wakulima na wafungashaji wanaulizia dawa "za asili", zinazotokana na bakteria na vijidudu vingine, kama zinaweza kuchukua nafasi ya zile za kiwandani. Jibu langu lina sharti moja, na nitalirudia kwa sababu wauzaji wa chupa za dawa hizi hawalitaji: kabla hujauliza dawa ni ya asili au ya kiwandani, uliza saa ngapi zimepita tangu chungwa lijeruhiwe. Saa hizo ndizo zinazoamua dawa gani itafanya kazi na ipi itakula pesa yako bure.

Kwanza ujue unapigana na nani

Uozo mwingi wa machungwa baada ya kuchumwa huletwa na ukungu wa kijani, ambao wataalamu huuita Penicillium digitatum. Ni ndugu wa kuvu iliyotupatia penisilini, lakini huyu kazi yake ni kuozesha jamii ya michungwa. Hana uwezo wa kutoboa ganda zima. Anahitaji mlango: mkwaruzo wa kucha, tundu la mwiba, kikonyo kilichonyofolewa pamoja na nyama, chungwa lililobanwa na ubao wa lori. Spora zake, yaani lile vumbi la kijani, zimejaa hewani, kwenye matenga na kwenye mikono ya wachumaji. Ikitua spora moja kwenye jeraha bichi lenye maji na sukari, huota ndani ya siku moja au mbili, na karibu siku ya tatu ukibonyeza kwa kidole gumba unakuta sehemu laini kama imechemshwa. Kisha unatokea utando mweupe, na katikati yake kijani. Chungwa moja lililofika hapo linabeba spora mamia ya mamilioni.

Hali ya hewa ya pwani yetu inampendeza. Hustawi zaidi kwenye joto la nyuzi 24 au 25, na hilo ndilo joto la Tanga wakati wa Julai, msimu mkubwa wa machungwa ukiwa umepamba moto.

Nduguye ni ukungu wa buluu, Penicillium italicum, anayevumilia baridi kuliko yule wa kijani, kwa hiyo humkuta zaidi mwenye chumba cha ubaridi. Tofauti yao ina maana kwa mfungashaji. Tumezoea kusema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa ukungu wa kijani methali hiyo ni nusu kweli: unawapaka jirani vumbi, lakini jirani mwenye ganda zima hasumbuki. Ukungu wa buluu ndio unaopita kutoka chungwa hadi chungwa kwa kugusana tu, ukatengeneza kiota katikati ya boksi.

Wa tatu husahaulika, na kumsahau ndiko kunakofanya watu waseme "dawa imekataa". Ni uozo mchachu, uletwao na kuvu iitwayo Geotrichum citri-aurantii. Hauna vumbi. Chungwa linalainika, linatoa utelezi na harufu ya siki, vinzi vidogo vinajaa, na maji yake yanachuruzikia ya chini. Hupenda machungwa yaliyoiva sana na yaliyochumwa wakati wa mvua. Dawa mbili za kiwandani zinazojulikana zaidi, imazalili na thiabendazoli, hazimfanyi kitu. Ukiwa na uozo huu ukanunua imazalili, umenunua kufuli la mlango wa jirani.

Dondoo la vijidudu: ni nini hasa

Wengi huchanganya dondoo na bakteria hai. Bakteria hai ni mdudu mwenyewe, unamweka juu ya chungwa aishi pale. Dondoo ni silaha yake bila yeye. Bakteria hukuzwa kwenye maji yenye chakula kwa siku mbili tatu, huchujwa, kisha kile walichokitema hukusanywa na kusafishwa. Kinachobaki hakiishi, hakizaliani wala hakifi njiani.

Habari hizi si ngeni. Mwaka 1953 watafiti wawili huko Israeli, Gutter na Littauer, waliandika jinsi bakteria wa udongo aitwaye Bacillus subtilis anavyozuia kuvu za machungwa. Tangu hapo bakteria huyo na jamaa zake ndio wamechunguzwa zaidi. Silaha zao kuu ni lipopeptidi za koo tatu: surfaktini, iturini na fengisini. Kila moja ina kichwa cha asidi amino na mkia wa mafuta, ndiyo maana dondoo lake hutoa povu kama sabuni. Mkia huo huchoma ngozi ya seli ya kuvu. Iturini hutoboa matundu, vya ndani vikavuja. Fengisini huelekea zaidi kwenye nyuzi za kuvu zinazotambaa. Surfaktini peke yake ni dhaifu kwa kuvu, ila husaidia nyingine kutandaa, na inaweza kuamsha kinga ya mmea wenyewe.

Jina la iturini linatoka kwetu. Karibu na mwaka 1950 mtafiti Delcambe aliielezea kutokana na bakteria aliyepatikana kwenye udongo wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, nchi ambayo watu wake wengi wanazungumza Kiswahili hiki hiki. Na mwenzake maarufu kuliko yeye, natamisini, aligunduliwa mwaka 1955 kutokana na udongo wa karibu na Pietermaritzburg, Natal, Afrika Kusini. Jina lake limebeba jina la Natal. Nataja haya kwa sababu nimechoka kusikia kwamba dawa hizi ni "teknolojia ya wazungu". Silaha mbili kati ya zile bora za aina hii zilitoka kwenye udongo wa Afrika.

Natamisini hutengenezwa na bakteria Streptomyces natalensis. Haitoboi matundu kama iturini; hung'ang'ania ergosteroli, mafuta yaliyo kwenye ngozi ya seli ya kuvu, na kuifanya seli ishindwe kuingiza chakula chake. Imetumika miaka mingi juu ya jibini na soseji, ambako huandikwa E235, na katika muda wote huo usugu wa kuvu dhidi yake umekuwa nadra mno. Hiyo ni sifa kubwa. Huko Marekani imeruhusiwa kutumika kwenye matunda ya jamii ya michungwa baada ya kuvunwa. Matokeo yake hayalingani kwa kila uozo: kwa uozo mchachu ni nzuri sana, kwa ukungu wa kijani ni ya wastani, na kwenye ndimu za kizungu na mabalungi imefanya vizuri kuliko kwenye machungwa ya kawaida na chenza.

Ipo pia polilisini, inayotokana na Streptomyces albulus, ambayo Wajapani huitia kwenye vyakula. Imejaribiwa kwenye machungwa, lakini kwa mfungashaji wa hapa bado si kitu cha kutegemea.

Sasa udhaifu. Dondoo halitembei. Linakaa pale lilipogusa. Kama spora imeshaota na nyuzi zake zimezama chini ya ganda, dondoo lililo juu halitazifuata. Natamisini, zaidi ya hapo, huyeyuka kidogo sana kwenye maji na huharibika kwenye jua, kwa hiyo beseni liache kutikiswa kidogo tu, au liwekwe uani juani, na nusu ya pesa yako imekaa chini au imepotea. Na ukionyeshwa picha ya sahani ya maabara yenye duara safi kuzunguka tone la dondoo, ifurahie, lakini usiinunue. Sahani haina ganda lenye mafuta, haina jeraha la milimita 2, wala haikupanda lori kwenda Nairobi.

Hapa niseme kwa msisitizo: maji ya kuchachusha nyumbani, yale ya mdumu uliofungwa wiki mbili na sukari guru, si dondoo. Hujui ni bakteria gani wamekua humo. Bacillus subtilis ana jamaa aitwaye Bacillus cereus anayetapisha watu, naye hukua vizuri kwenye mdumu huo huo. Usiyamwage juu ya tunda ambalo mtoto atalinyonya.

Bakteria hai na hamira hai

Hawa hufanya kazi kwa njia ambayo dondoo haliwezi: wanaingia kwenye jeraha, wanazaliana, wanamaliza sukari na nafasi kabla kuvu haijafika. Mwaka 1995 Marekani iliandikisha bidhaa mbili za namna hiyo, Aspire iliyokuwa na hamira Candida oleophila, na BioSave yenye bakteria Pseudomonas syringae. Aspire ilitoweka sokoni. Kilichoiangusha kinafundisha: ilikinga jeraha jipya vizuri, lakini haikuponya jeraha lililokwisha kuingiliwa, na mfungashaji aliyezoea dawa inayoponya hakuvumilia matokeo ya kupanda na kushuka. Watafiti waligundua kwamba ikichanganywa na kipimo kidogo sana cha thiabendazoli ilifikia kiwango cha dawa kamili, na hilo ni funzo litakalotufaa hapo mbele.

Kwa mazingira yetu kikwazo kikubwa ni hifadhi. Kiumbe hai kinataka ubaridi, au kikaushwe kwa ustadi, na kitumike ndani ya muda wake. Umeme ukikatika siku mbili, unachonyunyizia ni maiti. Dondoo la lipopeptidi linavumilia joto kiasi kwamba hata likichemshwa hubaki na sehemu kubwa ya nguvu zake. Kati ya haya mawili, kwa ghala la Tanga au Kilifi, ningechagua dondoo bila kusita.

Soda na maji ya moto

Watu huidharau njia hii kwa kuwa ni rahisi, nami naona ndiyo inayostahili kuanza kwa wafungashaji wengi wa Afrika Mashariki.

Bekingi soda, yaani bikaboneti ya sodiamu, huwekwa asilimia 3: gramu 300 kwa kila lita 10 za maji. Maji yawe na joto la nyuzi 40 hadi 45, machungwa yazamishwe dakika 2 hadi 3. Angalia usinunue bekingi pauda, maana hiyo ina wanga na asidi ndani yake. Maji ya moto peke yake, nyuzi 50 hadi 53 kwa dakika 2 au 3, nayo hufaa. Ukipita 55 ganda linaungua na umefungua milango mipya. Usikisie kwa kutia kidole. Kipimajoto ni cha lazima, na ni rahisi kuliko tenga moja lililooza.

Soda inaweza kupunguza hata maambukizi yenye umri wa siku moja, jambo ambalo dondoo nyingi zinalishindwa. Tatizo lake ni kwamba haiachi ulinzi. Chungwa likitoka kwenye beseni safi kabisa, kisha likakwaruzwa wakati wa kupakia, soda haina la kusema. Na maji yake yaliyotumika yana chumvi nyingi. Yakimwagwa chini ya mche yanauharibu udongo. Andaa shimo la mbali.

Magadi ghafi, ya Ziwa Magadi au Natron, ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, kwa hiyo kimsingi ni jamaa ya hiyo hiyo. Lakini ukali wake hubadilika kutoka fungu hadi fungu na una uchafu, hivyo ganda linaweza kuungua. Kwa shehena ya kuuza mimi nisingeyatumia.

Dawa za kiwandani

Imazalili huzama kidogo ndani ya ganda. Hiyo ndiyo siri yake: huponya jeraha lililoingiliwa jana, na huzuia kuvu isitoe vumbi, kwa hiyo hata chungwa lililooza halichafui wenzake. Hakuna dondoo la bakteria ninalolijua linalofanya yote mawili kwa uhakika huo. Thiabendazoli, ya tangu miaka ya 1960, ilikuwa hivyo pia mpaka kuvu zikaizoea. Usugu dhidi ya zote mbili umeonekana kwenye maghala ya nchi nyingi, na kadiri dawa moja inavyotumika mwaka hadi mwaka kwenye ghala lile lile ndivyo kuvu sugu zinavyobaki peke yao uwanjani.

Fludioksonili ni mpya kuliko hizo. Na hapa ukuta kati ya "asili" na "kiwanda" unaanza kuwa mwembamba, kwa sababu ilibuniwa kwa kuiga pirolnitrini, dawa inayotengenezwa na bakteria Pseudomonas, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1964. Ilibidi ibadilishwe kwa kuwa ile ya asili huharibika haraka kwenye mwanga. Azoksistrobini, dawa nyingine ya kiwandani, nayo ina asili ya uyoga mdogo unaomea kwenye makoni ya misonobari. Kwa hiyo anayekuambia hii ni "kemikali" na ile ni "asili" hajakuambia lolote kuhusu usalama wala nguvu. Uliza masalia ya dawa ni kiasi gani, yanakaa wapi, na nani atayala.

Swali la masalia kwetu lina uzito wake. Imazalili hubaki zaidi kwenye ganda. Mzungu anamenya ganda na kulitupa. Sisi tunalimenya juu juu kwa kisu, tunakata kichwa, tunanyonya midomo ikiwa juu ya ganda lile lile. Maganda mengine yanaishia kwenye chai. Umoja wa Ulaya, mwaka 2019, ulishusha kiwango cha imazalili kinachoruhusiwa kwenye machungwa. Anayeuza huko atapimwa. Anayeuza Kariakoo au Kongowea huenda asipimwe, lakini mlaji ni yule yule mwenye ini na figo, na mara nyingi ni mtoto anayetoka shule.

Ukiyaweka ubavu kwa ubavu

Saa kwanza. Kama kuna siku nzima au zaidi kati ya kuchuma na kuzamisha, dondoo na bakteria hai vinaingia uwanjani mechi imekwisha. Soda ya uvuguvugu inaweza kuokoa sehemu, imazalili inaokoa zaidi. Kama machungwa yanafika kwenye beseni ndani ya saa 8 hadi 12, mambo yanageuka: hapo kinga inatosha, na dondoo linaweza kusimama. Ukitaka kutumia njia ya asili, kwanza panga wachumaji, baiskeli na bodaboda ili mzigo wa asubuhi uoshwe jioni ile ile. Bila hivyo usinunue.

Kisha aina ya uozo. Kwa uozo mchachu, natamisini inashinda imazalili waziwazi. Kwa ukungu wa kijani, imazalili inashinda, isipokuwa kwenye ghala ambalo usugu umeshaingia. Hapo natamisini au lipopeptidi zina faida kwa sababu zinapiga sehemu nyingine ya seli.

Usugu: kuvu huzizoea dondoo kwa shida sana kuliko dawa za kiwandani. Hata hivyo kuna jambo linalonikosesha raha kuhusu natamisini, nalo silisikii likisemwa. Ni dawa ya macho pia. Matone yake hutibu vidonda vya jicho vinavyoletwa na kuvu, ugonjwa unaowapata hasa wakulima waliochomwa na jani au mabua, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Kuvu sugu ikizaliwa ghalani, atakayepoteza jicho ni mkulima mwenzetu. Historia ya jibini inatia moyo, lakini nisingependa kuiona ikimwagwa ovyo kila ghala, kila siku, kwa kipimo cha kubahatisha.

Kwa lipopeptidi shida ni nyingine: chupa hazifanani. Bakteria mmoja akikuzwa kwa chakula tofauti hutoa uwiano tofauti wa iturini na fengisini, kwa hiyo chupa ya mwaka huu inaweza kuwa na nguvu tofauti na ya mwaka jana. Bidhaa nyingi za Bacillus zilizopo madukani zimeandikishwa kwa kunyunyizia shambani, na nyingine zina bakteria hai pamoja na dondoo lao. Soma lebo. Kama haijataja matunda ya jamii ya michungwa na haijataja matumizi baada ya kuvuna, muuzaji anakisia kwa niaba yako. Kwa Tanzania usajili wa dawa hukaguliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; kwa Kenya na PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu. Namba ya usajili iwe kwenye kifungashio, na ukiwa na shaka wapigie wao, usimpigie dalali.

Gharama nitaigusa tu, kwa kuwa bei hubadilika. Soda ni nafuu kuliko zote. Dawa ya kiwandani iko katikati. Dondoo safi ni ghali, na hesabu yake inalipa kwa mtu anayeuza kwa bei inayolipia ule usafi: soko la kilimo hai lililoikubali bidhaa hiyo, au mnunuzi wa nje anayekataa masalia.

Kuchanganya

Watu hutaka kuchagua moja. Ushahidi ninaouamini zaidi unaelekeza kwenye mbili kwa pamoja. Huko Pretoria, Obagwu na Korsten walichapisha mwaka 2003 kazi juu ya machungwa ya aina za Valencia na Shamouti: Bacillus subtilis akiungwa na soda ya asilimia 1, au na maji ya moto, alikaribiana na dawa za kiwandani, wakati peke yake hakufika. Sababu inaeleweka. Soda na joto vinadhoofisha kilichokwisha kuota. Bakteria au dondoo linabaki kulinda majeraha yatakayokuja. Kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake. Ni somo lile lile la Aspire na kipimo kidogo cha thiabendazoli.

Kwa hiyo, kama nyinyi ni chama cha wakulima mnaouza lori zima linalofika sokoni siku ya pili au ya tatu, anzeni na mikasi ya kuchumia, matenga yasiyo na misumari, na beseni la soda ya uvuguvugu. Dondoo msilinunue mwaka huu. Hasara yenu kubwa iko kwenye jinsi chungwa linavyotunguliwa na upondo likaanguka chini, na hakuna bakteria wa Ituri atakayelirudishia ganda lake.

Kama mna ghala lenye paa na maji safi, na mnahifadhi wiki mbili au zaidi mkisubiri bei, mchanganyiko wa soda kwanza na dondoo lililosajiliwa baadaye ndio ninaoupendekeza. Kati ya beseni la kwanza na la pili acheni machungwa yajichuje maji, kwa sababu soda iliyobaki hulipunguza makali beseni la pili.

Na mwenye kusafirisha nje kwa meli, wiki tatu baharini, asijaribu kutegemea dondoo peke yake kwa mara ya kwanza kwenye kontena zima. Atumie dawa anayoijua kwa kipimo cha lebo, abadilishe na natamisini au fludioksonili kwa zamu ili asizalishe usugu, na aweke pembeni paleti moja ya majaribio.

Jaribu kabla ya kununua debe

Chukua machungwa 120 ya siku hiyo hiyo, ya mti ule ule kama inawezekana, yasiyo na doa. Yagawe mafungu manne ya 30. Funga msumari mdogo kwenye kipande cha ubao ili uchomoze milimita 2 tu, uchome kila chungwa mara moja kiunoni. Chukua chungwa lililojaa ukungu wa kijani, lisuuze kwenye lita moja ya maji yenye tone la sabuni, na utumie maji hayo kuloanisha kila jeraha. Kazi hii ifanyike mbali na ghala, na mwenye pumu asiifanye.

Fungu la kwanza liache hivyo. La pili lizamishe kwenye soda baada ya saa 12. La tatu kwenye dondoo baada ya saa 12, kwa kipimo cha lebo. La nne kwenye soda kisha dondoo, nalo baada ya saa 12. Yaweke kivulini kwenye matenga manne tofauti, yasigusane, na uhesabu yaliyooza siku ya 4, ya 7 na ya 10. Andika kwenye daftari, usitegemee kumbukumbu.

Kama kwenye fungu la kwanza yameoza machache, jaribio limeharibika, rudia. Ukungu wako ulikuwa dhaifu au majeraha yalikauka. Kama la tatu halijatofautiana sana na la kwanza, rudia dondoo hilo kwa saa 4 badala ya 12. Likifaulu kwa saa 4 na kushindwa kwa saa 12, tatizo halipo kwenye chupa. Liko kwenye umbali kati ya mchungwa wako na beseni lako, na pesa ya dondoo ingefaa kwanza kununua baiskeli ya mizigo.